Uliza Mchora Vibao: Kashe ya Kuku

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na kilio kimoja. Inaonekana katika ofisi za utamaduni na sanaa za komini zetu (sehemu za utawala za mji) hapa Lubumbashi kumepita upepo wa kujitafutia "sura mpya", na upepo huo umewakumba wachoraji, makatibu, hata mama mmoja wa kikundi cha maigizo. Nimechagua barua sita. Wanaouliza bei ya kibao cha saluni wanisubiri mwezi ujao.

*Jambo yenu, Papa Mchora Vibao. Mimi ni kijana wa miaka 27, nafanya kazi katika ofisi ya utamaduni na sanaa ya komini moja ya hapa. Mkuu wetu amenipa kazi ya kuitafutia huduma yetu nembo, rangi, karatasi za barua, kibao cha mlangoni na fulana za tamasha la Agosti. Ameniandikia kwenye karatasi mambo yanayotakiwa kuonekana kwenye nembo: ngoma, kinyago, msalaba wa shaba, bomba la moshi la Gécamines, kitabu kilichofunguliwa, njiwa na ramani ya komini. Pamoja na jina lote la huduma kwa Kifaransa na Kiswahili. Nimejaribu kwenye kompyuta, imetoka kama sinia ya matanga. Nikimwambia hapana, atasema sina adabu. Nifanye nini? (Kijana wa ofisi)*

Mwanangu, kabla sijakujibu, acha nikuhadithie kuku wangu.

Mwaka 1994 nilikuwa na kibanda cha mabati karibu na soko la Kenya (wasomaji wa Dar es Salaam na Nairobi msishtuke, Kenya kwetu ni komini). Nilikuwa nachora vibao vya mabaa, vya vinyozi na vya wauza majeneza. Siku moja ofisi fulani ya mambo ya sanaa, ambayo siitaji kwa sababu watu wake bado wananipa kazi, ikaniomba nembo. Nilifurahi mpaka nikasahau kula. Nikachora mcheza ngoma mwenye manyoya kichwani, amekumbatia ngoma ndefu, kila unyoya na mstari wake, kwenye karatasi ya upana wa mita moja. Wakubwa wakapiga makofi. Kisha wakaipeleka kwa fundi wa kashe, yaani muhuri wa mpira, naye akaipunguza mpaka sentimita nne.

Manyoya yakashikana, yakawa kishungi. Tumbo la ngoma likawa tumbo. Fimbo mbili za kupigia zikawa miguu. Katibu alipoibonyeza kwenye karatasi mara ya kwanza, alitazama, akaigeuza karatasi, akatazama tena, akasema, "Lakini hii iko kuku!" Tangu siku ile mtu akitoka kuchukua ruhusa ya konseri, wenzake walimuuliza mlangoni, "Umeshapigiwa kuku?" Kashe ile ilidumu miaka mitatu kabla mpira wake haujachakaa. Miaka yote mitatu nilikuwa napita ng'ambo ya barabara.

Kwa hiyo anzia kwenye kashe. Vijana mnaosoma kwa kompyuta mnaanza na afishi, lile bango la karatasi, kwa sababu afishi ni kubwa na ina rangi. Lakini nembo ya komini haiishi kwenye afishi. Inaishi kwenye kashe ya wino wa zambarau, kwenye fotokopi ya fotokopi ya fotokopi, kwenye kale kaduara kadogo ka WhatsApp, na kwenye ukuta uliochorwa na mtu ambaye hukumfundisha wewe, kwa brashi iliyokwisha manyoya. Ikipona mikono hiyo minne, kwenye afishi itatembea yenyewe.

Mkuu wako usimwambie hapana. Chukua mchoro wake wenye vitu saba, mpelekee fundi wa kashe, lipa (ni pesa ya chakula cha mchana), rudi nayo, ibonyeze mbele yake kwenye karatasi nyeupe, ukae kimya. Usiongeze neno. Yeye mwenyewe ndiye atakayeuliza, "Njiwa yuko wapi?"

Akishauliza, mketi mwende kitu kimoja kimoja. Njiwa, mwache aruke. Huwa sijui anatumwa na nani kwenye nembo za watu. Kitabu ni cha shule na makanisa. Ramani ya komini hakuna anayeitambua. Mimi nimezaliwa hapa, na ukiniambia nichore mpaka wa Kampemba bila kutazama, nitakuchorea kiazi. Kinyago ni kigumu zaidi: ni kinyago cha nani? Mji huu umejengwa na Wasanga na Walamba, Wabemba, Waluba wa huku na Waluba wa Kasai, Watshokwe na wengine waliokuja kwa treni. Ukichora kimoja, wengine watauliza chao kiko wapi, na watauliza kwa sauti.

Bomba la moshi ni zuri, nalipenda, nikitoka safari nikiliona najua nimefika. Lakini ni la kampuni ya madini, tena limeshachorwa kwenye kila kitu, kuanzia kadi za posta mpaka fulana za harusi. Na ule mlima mweusi wa taka ulio ubavuni mwake umechimbwa upya kwa ajili ya kobalti, unapungua. Ukiuchora kama ulivyokuwa utotoni mwangu, watoto watakuuliza ni mlima gani huo.

Msalaba wa shaba unahitaji maneno zaidi, kwa sababu kila mteja wangu anauomba. Wahunzi wa nchi hii waliisubu misalaba hiyo karne nyingi kabla treni haijafika hapa mwaka 1910. Ilikuwa fedha, na imefukuliwa makaburini kule Sanga, katika bonde la Upemba. Hapo hakuna ubaya wowote. Lakini Katanga ilipojitenga mwaka 1960, misalaba mitatu iliwekwa kwenye bendera pamoja na nyekundu, nyeupe na kijani, na ikakaa humo hadi 1963. Wazee bado wanaisoma hivyo. Msalaba mmoja ni historia, mitatu ni hotuba, na ofisi ya sanaa ya komini haikutumwa kutoa hotuba hiyo. Mimi nisingeuweka.

Imebaki ngoma. Hapa mkuu wako ameona mbali kuliko anavyojua, maana kwa lugha yetu ngoma ni chombo, ni mchezo wenyewe, na ni sherehe nzima. "Leo kuna ngoma," na mtu hakuulizi ngoma gani, anauliza wapi. Kosa langu la 1994 halikuwa ngoma. Kosa lilikuwa kuichora kwa ubavu, ndefu, na mtu juu yake. Ichore ukiitazama kutoka juu: duara la ngozi, na vigingi vinavyoishikilia kuizunguka. Duara linakaa ndani ya kashe bila kupigana nayo. Linakaa ndani ya kaduara ka WhatsApp bila kukatwa kichwa. Mchora ukuta analipiga kwa kamba na msumari. Mkiweka vigingi saba, na mji wetu una komini saba, basi siku komini nyingine zikitaka kuingia, kila moja itatia rangi kwenye kigingi chake na mtakuwa ukoo mmoja. Hilo nimekupa bure, usiniigize. Soma jibu la tatu hapa chini.

Vile vitu sita vingine havijafa. Mwambie mkuu kwamba vitakuja kwenye afishi kwa zamu: mwezi wa maonyesho ya vinyago, kinyago, mwezi wa wahunzi, msalaba mmoja. Nembo ni jina la mtu, nawe ukitaja jina la mtu huhesabu ukoo wake wote.

Na nyuma ya afishi, ule uwanja mtupu unaowatesa vijana mpaka wanaujazia kivuli na moto, tazama walivyoujaza wazee wetu. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji mjini hapa, iliyoitwa Le Hangar. Humo Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi iliyobanana kama msuko wa mkeka. Pili-Pili Mulongoy alizungusha maji na majani kwenye samaki na ndege wake mpaka hapakubaki pa kuweka kidole. Usinakili samaki wa Pili-Pili, haki za kazi zake hazikufa naye. Lakini kujaza uwanja kwa alama ndogondogo za mkono si mali ya mtu. Waite wasanii wa komini siku moja, kila mmoja achovye kidole kwenye rangi apige kwenye karatasi kubwa, mpige picha. Huo ndio uwanja wa afishi zenu mwaka mzima, na kila aliyepiga kidole atasimama mbele ya afishi kutafuta cha kwake.

Jambo la nembo ya taifa, usilicheze. Kichwa cha chui, pembe ya ndovu, mkuki na maneno "Justice, Paix, Travail" vinabaki mahali pake juu ya barua, pamoja na mistari ya Jamhuri, jimbo, mji na komini. Chui huyo hatiwi rangi ya tamasha wala haingizwi ndani ya ngoma. Ngoma yenu ikae chini ya karatasi, ndogo. Ofisi yenu ni mkono wa komini, haina saini yake peke yake.

Mwisho, usikabidhi picha moja ya JPEG kwenye simu. Kabidhi mchoro wa vekta, ambao ukikuzwa mpaka ukubwa wa nyumba haupasuki. Binti yangu anautengeneza kwa Inkscape, programu ya bure. Kabidhi wa rangi mbili, wa nyeusi tupu, na mweupe wa kuwekwa kwenye giza. Na kabidhi kitu ambacho vijana wanakisahau kila siku: karatasi ya miraba, kumi kwa kumi, nembo imechorwa juu yake. Mchora ukuta wa Katuba hana haja ya faili. Anahitaji kujua kwamba duara linagusa mraba wa tatu. Na mkitumiana kwa WhatsApp, tumeni kama dokumenti, si kama picha, kwa sababu WhatsApp inaibana picha mpaka inatoka na ukungu, kisha watu wanapeleka ukungu huo kwa mchapishaji wa bashe, yale maturubai ya matangazo, na kumlaumu yeye.

*Papa, katika ofisi yetu ugomvi ni rangi. Mkuu anataka buluu na manjano, lakini tunajua yeye ni mtu wa timu ya mpira ya Lupopo. Mhasibu ni wa wapinzani wao, Mazembe, amesema atajiuzulu. (Sitaki kutajwa)*

Mhasibu asijiuzulu, nani atatulipa?

Buluu na manjano ni Lupopo, hata ukiapa kwamba ni mbingu na jua. Nyeusi na nyeupe zenye mistari ni Mazembe, na mjini hapa huwezi kumweleza mtoto wa miaka mitano vinginevyo. Nyekundu, nyeupe na kijani kwa pamoja nimeshasema habari yake. Buluu ya mbingu, nyekundu na manjano ni bendera ya Jamhuri. Na kabla ya kuchagua rangi yoyote inayong'aa, mtazame wagombea wa uchaguzi uliopita walivaa nini.

Mimi ningechukua kijani cha malakiti. Ni jiwe la kwetu, mafundi wetu wanalichonga shanga, mayai na wanyama, kwa hiyo tayari ni rangi ya kazi ya mikono. Kijani kizito, chenye giza ndani, na pembeni yake rangi ya udongo wetu mwekundu. Inayo faida nyingine: vumbi la Julai likikaa juu ya rangi ya vumbi, nani ataliona? Nyeupe msiipeleke ukutani, mwezi wa nane itakuwa ya chungwa.

Msinidanganye na "rangi ya shaba". Mashine ya kawaida ya kuchapa ina wino nne, na kwa wino hizo nne shaba inayong'aa haitoki. Inatoka kahawia ya matope makavu. Kila mwaka nampoza mteja mmoja aliyelia kwa ajili hiyo.

Na rangi ziwe mbili. Fulana za serigrafia, yaani za kuchapwa kwa fremu ya kitambaa, zinalipiwa kwa kila rangi, kwa sababu kila rangi ina fremu yake. Nembo ya rangi sita ni tamasha bila fulana.

*Bwana Mchora Vibao, mimi ni mchoraji wa Ruashi. Mwaka jana ofisi moja ya sanaa ilitangaza "shindano" la nembo. Nikapeleka michoro mitatu. Wakaniambia hakuna mshindi. Miezi sita baadaye nikaona mchoro wangu wa pili kwenye fulana na kwenye bashe. Nilipowafuata, bwana mmoja akaniambia hata nembo ya New York ilichorwa bure. Ni kweli? (Mchoraji mwenye hasira)*

Ni kweli, na bwana huyo amesoma nusu ya ukurasa.

Ile "I ♥ NY" Milton Glaser aliichora miaka ya 1970 kwa ajili ya jimbo la New York, na hakulipwa. Wazo alilichora kwa krayoni nyekundu kwenye bahasha, ndani ya teksi. Lakini wakati huo alikuwa na karakana yake, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa jarida la New York tangu 1968, mji ulikuwa wake na ulikuwa taabani, naye akatoa zawadi. Alitoa, ndugu yangu. Wewe ulichukuliwa. Mwambie bwana huyo kwamba mtu akimpa mwenzake mbuzi, jirani hapati ruhusa ya kuingia zizini.

Sheria unayo: Ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za waandishi na wasanii, na michoro imo. Usianze na mahakama. Anza na karatasi. Kusanya michoro yako ya mkono yenye makosa na ufutio, maana mwizi huwa na mchoro safi tu. Kusanya ujumbe uliowatumia wenye tarehe, piga picha fulana, andika barua ya ukurasa mmoja yenye kuomba mambo mawili: malipo, na jina lako. Ipeleke na nakala, na nakala yako ipigwe kashe ya kupokelewa. Hapo ndipo ninapoipenda kashe. Nimeona watu wakilipwa kwa sababu tu ya karatasi iliyopokelewa, maana mkubwa anayefuata kwenye kiti hicho hataki kurithi deni lililoandikwa.

Safari nyingine, nusu mbele. Michoro ya kuonyesha ipelekwe midogo, na jina lako limepita katikati. Faili lenyewe linatoka siku nusu ya pili inapoingia. Nami nimejifunza kwa kuumia. Nina madeni ya mwaka 2003 ambayo yameota ndevu.

Na nyinyi wa ofisi, kwa kuwa najua mnasoma: acheni mashindano. Mnawaita watu arobaini wafanye kazi ya wiki mbili, mnamlipa mmoja, au hamlipi yeyote, kisha mnashangaa kwa nini thelathini na tisa hawaji kwenye tamasha lenu. Hao ndio wasanii mliowekwa kuwahudumia! Chagueni watatu kwa kazi zao za zamani, mlipe kila mmoja kidogo kwa rasimu, mwendelee na mmoja. Inagharimu pungufu ya karamu ya kutangaza mshindi.

*Papa, mimi ni mama wa kikundi cha maigizo. Nasikia ofisi ya sanaa ya kwetu inatafuta pesa za nembo. Ukumbi tunaofanyia mazoezi unavuja, mvua ya Januari ilitukuta katikati ya onyesho, mfalme akaingia jukwaani na mwavuli. Nembo itaziba paa? (Mama wa Maigizo)*

Hapana, mama. Haitaziba.

Mimi nakula kwa kuchora nembo, lakini ofisi ikiwa na pesa ya kitu kimoja, inunue mabati. Nimecheka habari ya mfalme, unisamehe. Labda watazamaji walidhani ni mfalme wa kisasa.

Ila kuna kazi ya kibao ambayo bei yake haifiki hata bati moja, nayo ni ya lazima kuliko nembo. Miaka kadhaa iliyopita nilitaka kuuliza masharti ya kuonyesha picha zangu katika ukumbi wa umma. Mlinzi alinipeleka mlango wa kwanza, nikaambiwa ni wa tatu. Wa tatu ukaniambia ni wa nyuma. Wa nyuma ulikuwa stoo ya viti. Ofisi yenyewe ilikuwa mlango wa pili, haukuwa na maandishi yoyote, na mama aliyekaa ndani aliniambia, "Watu hawaji kabisa, wasanii wa siku hizi ni wavivu." Kesho yake nilirudi na kopo la rangi. Nikachora mshale langoni, mshale kwenye ukumbi, na mlangoni nikaandika: SANAA. Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu hadi saa tisa. Chini yake karatasi ya gharama: ruhusa ya konseri kiasi gani, kukodi viti kiasi gani, na kwamba risiti inatolewa. Karatasi hiyo ya gharama iliondolewa siku ya pili, sijui na nani, mkono usiopenda risiti. Lakini mishale ilidumu miaka kumi na mmoja, mpaka ukuta ulipobomolewa.

Waulize hao wa ofisi yenu, kwa heshima, kama mlango wao una saa. Ukiwa hauna, waje kwangu, hiyo siwatozi. Halafu muulizie paa kwa barua, si kwa mdomo, na nakala yenu ipigwe kashe.

*Mwalimu wa Kiswahili anakuuliza: kwenye bashe la tamasha wanataka kuandika "Kuya tuone". Wanafunzi wangu wanaandika "kuya" kwenye mitihani, nami nawakata alama. Komini nayo iwaharibu? Kwa nini isiwe Kifaransa tu, lugha rasmi?*

Mwalimu, heshima yako naijua, na kalamu yako nyekundu naiogopa.

Kifaransa ni lugha rasmi, hilo Katiba ya 2006 imelisema, na Katiba hiyohiyo imetaja lugha nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kitshiluba. Kwa hiyo barua ya kwenda kwa meya iende kwa Kifaransa. Bashe haliendi kwa meya. Linaning'inia juu ya njia panda, linasomwa na mtu aliyebeba gunia la makaa kwenye baiskeli, ana sekunde tatu kabla taksi haijampigia honi. "Njoo tuone" ataisoma kama tangazo la kanisa kutoka Tanzania. "Kuya tuone" ataisikia kwa sauti ya shangazi yake. Kwenye bashe ningewaachia "kuya", nawe uendelee kukata alama darasani. Kila mtu na ukumbi wake.

Lakini ndani ya nembo yenyewe sitaki sentensi wala "kuya" wala "njoo". Sentensi inachakaa kwa mwaka mmoja, nembo inatakiwa kumzika aliyeiagiza. Jina liwe fupi: Sanaa, kisha jina la komini. Lile jina refu la Kifaransa lenye "Service" na "Culture" na "Arts" likae kwenye barua, kwa herufi ndogo.

Na hapa nakuhitaji, mwalimu, usome kabla hawajachapa. Sisi watu wa huku tunameza irabu. Niliwahi kuona kibao, rangi bado mbichi, kimeandikwa "Ofisi ya Sana". Sana nini? Fundi akanijibu kwamba herufi ya pili haikupata nafasi. Waambie watumie herufi iliyo wazi, yenye a mbili zinazoonekana ni mbili. Ipo moja ya bure inayoitwa Andika, imetengenezwa na SIL, shirika la mambo ya lugha, kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma, na jina lake, kama unavyoona, ni la Kiswahili. Haina madaha. Inasomeka kutoka ng'ambo ya barabara, na mtu anayeinakili kwa brashi hapotei.

*Nimepewa ukuta wa mita nane wa ofisi ya sanaa nichore nembo mpya. Nitumie rangi gani, na nianze lini? (Fundi brashi)*

Mwenzangu! Rangi ya mafuta, ipakwe mara mbili, juu ya ukuta uliokwanguliwa na kupakwa rangi ya msingi. Ile ya maji inayouzwa rahisi itakuaga na mvua ya pili. Anza Juni, maliza kabla ya Oktoba, na uchore asubuhi, kabla upepo haujainua vumbi na kulibandika kwenye rangi mbichi.

Piga miraba yako kwa kamba na chaki. Nembo ianzie mita moja kutoka chini, kwa sababu matone ya mvua yanarusha udongo mwekundu mpaka magotini, na hakuna nembo inayopendeza ikiwa imevaa soksi. Ukanda huo wa chini upake rangi ya udongo, usiandike kitu. Baada ya wiki mbili ofisi itakuita tena uandike hapo kwamba ni marufuku kukojoa. Mimi kazi hiyo natoza kwa herufi.